Ndege na Paka Nyumba Moja: Tuanze na Mlango

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa barazani kwetu Mombasa mbele ya wafugaji wa ndege. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema pamoja na maswali yaliyoulizwa, kwa ajili ya wale waliokosa kufika.)

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta huko nyuma, na wale wa salamu nyingine hamjambo nyote. Nashukuru mmekuja, najua saa hizi baada ya Alasiri kila mtu ana lake la kufanya kwa hivyo sitazunguka sana. Nimeombwa nizungumze juu ya kufuga ndege kwenye nyumba ambayo pia ina paka, na hii mada naipenda na inaniuma vile vile, kwa sababu katika ndege wote ninaoletewa wakiwa hali mbaya wale walioshikwa na paka ndio wanaonisikitisha zaidi, manake karibu wote wangenusurika kama mlango mmoja tu ungefungwa.

Kwanza niwatoe hofu. Sijaja kumwambia mtu atoe paka wake. Wahenga walishasema paka wa nyumba haingwa, na sisi watu wa pwani tunalijua hilo, ukienda Lamu, ukienda Unguja, ukipita hapa Mji wa Kale, paka wako kila baraza na kila penye samaki, na kazi wanayotufanyia ya panya hakuna sumu ya dukani inayoifanya vizuri hivo. Na ndege nao ni wa kwetu tangu zamani, kasuku verandani, njiwa juu ya paa, chiriku kwenye tundu dirishani, na siku hizi hawa kasuku wadogo wadogo, baji na kokateli na lavbedi, ambao vijana wanafuga kwa wingi. Hawa lavbedi watu wengi wanadhani wametoka Ulaya, la, yule mwenye uso wa rangi ya machungwa asili yake ni Tanzania, kusini ya Ziwa Viktoria huko, na wale mnaowaona Naivasha wakiruka makundi makundi ni kizazi cha waliotoroka au kuachiliwa matunduni. Kwa hivyo sio mgeni wa kuonewa, ni ndege wetu sisi.

Nyumba moja paka na ndege inawezekana kabisa. Lakini usalama wa ndege uko kwenye mlango, waya na komeo, hauko kwenye tabia ya paka. Hilo ndilo nililokuja kusema, na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Manake nikienda kwa watu nasikia maneno yale yale. "Paka wangu mpole." "Huyu amekua na ndege tangu mdogo." "Anashiba huyu, hana haja ya ndege." Alafu mtu anatoa simu ananionyesha video, paka amelala kasuku amekaa mgongoni, mamilioni ya watu wameipenda. Ndugu zangu, ile video ni ya dakika moja. Hatukuonyeshwa saa zilizobaki za siku ile, hatukuonyeshwa mwezi uliofuata, na yule ambaye ndege wake aliliwa hakurekodi video akaiweka mtandaoni. Mtu anaona hizo chache zilizokwenda vizuri anafungua tundu nyumbani kwake.

Sasa paka ni mnyama gani? Wanaakiolojia walifukua kaburi kule Cyprus la miaka kama 9,500 iliyopita, mtu amezikwa na paka wake pembeni, kwa hivyo urafiki wetu ni wa zamani sana. Lakini tangu siku hiyo mpaka leo tumemfuga paka kwa ajili ya kitu kimoja, awinde. Mbwa tulimbadilisha, huyu wa kulinda, huyu wa kuchunga mbuzi, huyu wa kukaa mapajani, paka tukamwacha na kazi yake ile ile. Hata hawa wa kwetu wa msitu wa Arabuko Sokoke huko Kilifi, wale wenye madoa kama gome la mti ambao wazungu waliwachukua miaka ya sabini wakawafanya paka wa maonyesho, ukiwaangalia wanavyokwenda utajua ni wawindaji.

Na kuwinda kwake hakutokani na njaa. Hili watu hawaliamini mpaka uwaeleze pole pole. Ndani ya kichwa cha paka njaa ni jambo moja na kuwinda ni jambo lingine, vinaweza kukutana na vinaweza kwenda kila kimoja na njia yake. Kitu kidogo kikitikisika, kikipiga mbawa, kikilia kwa sauti nyembamba, mwili wa paka unajibu wenyewe, anashusha tumbo, mkia unatikisika nchani, macho yanakuwa meusi yote, alafu anaruka. Yule paka ambaye amelala karibu na tundu kila siku hajali, siku moja baji anashtuka na mlio wa pikipiki anarukaruka ndani, na mkono wa paka uko kwenye waya kabla wewe hujageuza shingo. Paka hakukusaliti hapo, amefanya alichoumbwa nacho. Wewe ndiye uliyempa nafasi.

Nitatoa mfano mmoja wa mbali kidogo. Kule New Zealand kuna kisiwa kidogo kinaitwa Stephens Island, mwisho wa karne ya 19 serikali ikajenga mnara wa taa, watu wa mnara wakaja na paka. Kulikuwa na ndege mdogo pale asiyejua kuruka, anakimbia chini kama panya. Mwaka 1894 paka akawa analeta mizoga yao nyumbani, ndivyo wataalamu walivyomjua yule ndege, kwa mizoga iliyoletwa na paka. Muda mfupi baadaye ndege wale hawakuonekana tena, wameisha duniani. Na ile mizoga paka aliileta nyumbani, hakuila.

Sasa sikilizeni hii vizuri, hata kama mtasahau mengine yote. Kinachoua ndege mara nyingi sio nguvu ya paka, ni mate yake. Kinywani mwa paka wengi, wazima kabisa, wasio na ugonjwa wowote, kunaishi bakteria wanaoitwa Pasteurella. Paka hawamdhuru. Wakiingia kwenye damu ya ndege wanazaliana haraka sana, na ndege anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Kidonda chenyewe kinaweza kuwa tundu la jino ambalo hulioni, jino la paka ni jembamba kama sindano, linaingia linatoka, manyoya yanajifunika juu yake, ndege anakaa kwenye kijiti chake anakutazama. Wewe unasema alhamdulillahi amepona, ameshtuka tu. Kesho yake asubuhi unamkuta chini ya tundu.

Mara ngapi nimeambiwa "hakuwa na kidonda"? Alikuwa nacho. Njia ya kutazama ni hii: mshike ndege kwa kitambaa chepesi, kichwa kati ya vidole viwili, kifua usikibane hata kidogo kwa sababu ndege hana kiwambo cha kuvuta pumzi kama sisi, anapumua kwa kutanua kifua na ukikibana umemnyonga. Kisha pulizia manyoya taratibu yafunguke, chini ya mbawa, mgongoni karibu na mkia, ubavuni, shingoni nyuma. Unatafuta alama nyekundu ndogo au sehemu manyoya yamelowa yakashikana. Yale manyoya yaliyolowa ndiyo mate. Lakini hata ukikosa kuona kitu, kama una hakika paka alimgusa kwa mdomo au kwa kucha (kucha nazo zinalambwa kutwa nzima, mate yako pale pale) usisubiri dalili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, saa hizo hizo kama unaweza, mwambie neno moja tu, "ameshikwa na paka," ili ampe antibayotiki mapema. Ndege wana desturi ya kuficha ugonjwa, porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa, kwa hivyo ukiona ameshajivimbisha manyoya amefumba macho jua amechelewa tayari.

Wakati unatafuta usafiri mweke kwenye boksi dogo la karatasi lenye matundu ya hewa, chini taulo, mahali pa giza na kimya. Kama anavuja damu bonyeza kwa kitambaa safi, kwa upole lakini bila kuachia achia. Na usidharau damu kidogo, baji mzima ana uzito wa gramu 30 hadi 40 na damu yake yote ni kama mililita 3, yaani haijazi hata kijiko kimoja cha chai, matone machache kwake ni mengi. Usimtilie maji mdomoni yatampalia. Usimpe panadol wala vile vidonge vilivyobaki kabatini mlipougua nyinyi. Joto analihitaji, lakini hapa kwetu wakati wa kaskazi joto lipo la kutosha, we mtoe tu kwenye feni na eisii, kama ni usiku wa mvua ndo unaweka chupa ya maji ya uvuguvugu imefungwa kitambaa pembeni yake.

Haya. Tuingie ndani ya nyumba.

Jambo la kwanza ni chumba. Ndege anatakiwa alale, na akae peke yake wakati nyumba haina mtu, kwenye chumba ambacho mlango wake unafunga kikweli kweli, ule wenye kitasa ambacho paka hawezi kukining'inia akakifungua. Vitasa vile vya kushusha chini paka wengi wanavijua, wanaruka wananing'inia mlango unafunguka, kwa hivyo weka komeo juu. Nyumba zetu za zamani zenye vyumba virefu ni rahisi. Fleti ndo kazi, najua, sebule moja na chumba kimoja, hapo itabidi muamue chumba cha kulala ni cha nani, ndege au paka, na mimi nasema ni cha ndege, paka abaki na sebule. Kama hata hilo haliwezekani basi kabla ya kununua ndege jiulizeni tena.

Na tafadhali msimhamishie ndege jikoni kwa sababu jikoni kuna mlango. Nimeona watu wamemkimbiza ndege kwenye paka wakampeleka kwenye moshi. Pumzi ya ndege sio kama yetu, hewa inapita kwenye mapafu yake kwa njia moja na ana vifuko vya hewa mpaka tumboni, kwa hivyo kila kilicho hewani kinamwingia zaidi kuliko kinavyotuingia sisi. Kikaango cha nonstiki kikisahaulika jikoni kikapata moto kupita kiasi kinatoa hewa ambayo sisi tunaweza tusiisikie na ndege anakufa ndani ya dakika chache. Jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kupuliza, na mama zangu mnisamehe lakini chetezo cha udi na ubani nacho, kipitisheni vyumba vingine. Udi ni mzuri, nyumba inanukia, lakini usiufukize kwenye chumba cha ndege.

Jambo la pili ni tundu lenyewe. Haya matundu ya bei rahisi yana milango ya kusukuma juu, vile vimlango vinavyopanda na kushuka. Mimi nimekaa nikatazama paka akifanya: aliweka ukucha mmoja chini ya ule waya wa mlango, akainua, mlango ukapanda ukarudi, akainua tena, mara hii akaingiza na kiganja. Hakutumia nguvu hata kidogo. Alikuwa anacheza. Kwa hivyo kila kimlango, pamoja na vile vidogo vya vikombe vya chakula ambavyo tunavisahau, kitiwe klipu ya chuma au kipande cha waya kizungushwe. Kibanio cha nguo cha plastiki hakitoshi. Na ile trei ya chini inayovutwa, hakikisha juu yake kuna waya, manake tundu lingine trei ikitoka chini kuko wazi kabisa na paka akiliangusha trei ndo kitu cha kwanza kutoka.

Nafasi kati ya waya na waya, jaribu na kidole chako kidogo cha mwisho. Kikipita, ukucha wa paka umepita. Kwa baji na chiriku inatakiwa isizidi sentimita 1.2 hivi. Tundu la kasuku mkubwa haliwezi kuwa na waya wa kubanana hivo kwa hivyo lake linahitaji ukuta wa pili nje. Na hata dogo mimi nashauri ukuta wa pili, nendeni hadwea mkachukue kofi trei, ule waya wa kuchomelewa, mjenge fremu ya mbao kuzunguka tundu, iache nafasi kama urefu wa kiganja. Mkono wa paka unaingia hewani haufiki popote. Waya wa kuku wa kusukwa usiutegemee, ni mwembamba, unapinda na unashika kutu haraka kwa hewa yetu hii ya chumvi, miezi michache ukiugusa unavunjika.

Kuning'iniza je? Watu wanasema mimi tundu langu liko juu, paka hafiki. Paka mzima akiruka anafika mita 1.5 mpaka 2 bila taabu, na kama karibu kuna kabati, friji, mgongo wa sofa au pazia basi umemwekea ngazi. Tundu linalobembea likigongwa linapinduka, ndege anaumia hata kama paka hakumgusa. Bora liwe kwenye stendi nzito yenye miguu mipana au lifungwe ukutani kwa bracketi mbili, upande mmoja uegemee ukuta kabisa ili ndege awe na sehemu ya kujificha nyuma, na fanicha zote zikae mbali.

Jambo la tatu ni saa. Paka ana nguvu zaidi alfajiri na magharibi, mwanga ukiwa hafifu, macho yake yameumbwa kwa wakati huo. Sasa fikirieni hizo saa mbili majumbani mwetu kuna nini. Alfajiri watu wanaamka wanatawadha, milango inafunguliwa nusu nusu gizani. Magharibi adhana inaadhiniwa, wanaume wanatoka, watoto wanaingia kutoka mchezoni, mtu mlangoni anauza viazi karai, kila mlango uko wazi. Ndege wengi wanashikwa wakati huo. Kwa hivyo muwe na mtu mmoja nyumbani, mmoja tu anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake ni kufunga ndege kabla ya Magharibi. Likiwa ni jukumu la wote hakuna anayelifanya, kila mtu anadhani mwenziwe amefunga.

Ukitaka kumtoa ndege tunduni aruke, na anahitaji kuruka, basi paka ndo anatoka kwanza. Umwone kwa macho yako yuko nje ya kile chumba, tazama chini ya kitanda, nyuma ya pazia, ndani ya kabati la nguo lililo wazi, alafu funga mlango kwa komeo, funga na madirisha kwa sababu paka wa jirani naye yupo, ndo ufungue tundu. Na kupunguza mbawa, hili wengi mnafanya ili asipotee. Nyumba yenye paka mimi sikubaliani nalo hata kidogo, ndege aliyekatwa mbawa akianguka chini anatembea sakafuni, na kutembea sakafuni ndo hatari kubwa kuliko zote.

Kuna na hii ambayo haina damu, ndo maana haitazamwi. Paka anakaa mbele ya tundu anamkodolea ndege macho kutwa nzima. Hamgusi. Watu wanaona ni urafiki, wanapiga picha. Yule ndege hana pa kwenda, adui yake yuko mbele yake tangu asubuhi, mwili wake uko kwenye hofu saa zote. Kasuku ataanza kujinyonyoa manyoya ya kifua, mwingine ataacha kula au atanyamaza. Kokateli wao wana shida nyingine, usiku gizani wakishtushwa na kivuli au kishindo wanaruka ovyo ndani ya tundu wanavunja mbawa, basi taa ndogo hafifu usiku inawasaidia. Ukimwona kasuku wako amebadilika usikimbilie kutafuta dawa, kwanza kaa kwenye kiti pale lilipo tundu lake uangalie yeye anaona nini.

Sasa paka na yeye tumtendee haki. Kumpiga au kumwagia maji kila akisogelea tundu hakumfundishi kumwacha ndege, kunamfundisha kukuogopa wewe, anangoja utoke. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter kule Uingereza walitoa matokeo ya utafiti wa paka zaidi ya 300 wanaotoka nje kuwinda, wakakuta wale waliobadilishiwa chakula wakapewa chenye nyama nyingi walipunguza windo wanaloleta nyumbani kwa asilimia 36, na waliochezeshwa dakika 5 mpaka 10 kwa siku walipunguza kwa asilimia 25. Huku kwetu paka wengi tunawapa wali uliobaki na ugali uliolowa mchuzi, mwili wake unataka nyama, basi dagaa, vichwa vya samaki, mapupu, mpe. Na mchezeshe, kijiti na kamba na unyoya wa kuku mwishoni inatosha, ifanye kabla ya Magharibi, akishachoka atalala. Muhasi pia, atatulia na mtaa utapumua. Ila shikeni vizuri: asilimia 36 ni kupungua, haijasema kuisha. Mlango bado unafungwa.

Kwenye dini yetu tumesikia wote habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Na tumesikia pia ya Abu Umayr, yule mtoto, ndugu yake Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege chake akikipenda kikafa, na Mtume, rehma na amani zimshukie, akamwendea akamuuliza kwa upole kindege kimefanya nini. Mtu mwenye mambo ya umma mzima kichwani akapata nafasi ya huzuni ya mtoto mmoja kwa ndege mmoja. Mimi nikiyaweka haya mawili pamoja naona tumepewa amana zote mbili, na mtoto wako akilia kwa ajili ya baji wake usimwambie "ni ndege tu, tutanunua mwingine."

Naam, maswali sasa. Nitayajibu kama mlivyouliza.

Bi mkubwa pale mbele ameuliza kengele shingoni kwa paka inasaidia? Mama, kwa ndege wa nje ule utafiti niliousema haukuona tofauti ya maana kwa kengele. Kwa ndege wa ndani ya tundu ndo kabisa, hata akisikia kengele atakimbilia wapi? Kama unapenda kumvalisha basi iwe ile kola inayofunguka yenyewe ikivutwa, nyingine inanasa kwenye tawi inamnyonga.

Kijana amesema yeye ana kasuku mkubwa wa kijivu, mdomo wake unavunja karanga ngumu, paka ndiye anayemwogopa. Ni kweli mwanangu, kasuku anaweza kumtoboa paka jicho na hilo nalo hatulitaki. Lakini kasuku ana gramu 400 na kitu, paka ana kilo 4, na yale mate hayachagui ukubwa wa ndege. Anaogopa leo akiwa macho, kasuku akilala je? Watenganishe wote wawili kwa faida ya wote wawili. Na huyo wa kijivu, wewe na wengine wenye kama huyo, tangu mkutano wa Johannesburg wa 2016 yumo kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa biashara ya wanyamapori duniani, hakikisheni karatasi zenu kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ziko sawa, na msinunue wa kichochoroni, wale wametolewa misituni Kongo na wengi wao wanafia njiani.

Dada ameuliza nikimlea paka mdogo pamoja na kifaranga cha ndege si watakua ndugu? Watazoeana, ndio. Paka atamchukulia huyo kuwa wa nyumbani, labda, kwa muda. Alafu paka anakuwa mkubwa, uwindaji unapata nguvu, na siku hiyo haina tangazo. Mzoeshe paka kuishi nyumba yenye sauti za ndege, hilo ni zuri, lakini pasiwe na siku wanaachwa pamoja bila ukuta kati yao.

Na mzee wa njiwa, ambaye paka wanampandia bandani usiku. Mzee wangu, banda lako liko juu ya nguzo za mbao na mti mkavu kwa paka ni barabara. Chukua bati laini, lisilo na migongo, zungusha kila nguzo kuanzia juu kidogo ya kiuno chako kwenda juu karibu mita nzima, pigilia misumari kingo zilale vizuri zisikate mtu, kucha hazitashika. Kata na lile tawi la mwembe linalogusa paa la banda, manake nguzo ukizifunga atapita huko. Mlango wa kuingilia njiwa ushushe kabla ya Magharibi wakishaingia wote, ufungue jua likiwa limetoka kabisa, sio alfajiri. Kama kuna njiwa ameumwa usiku wa jana na bado yuko hai, basi tusingoje chai, twende tukamtoe sasa hivi, daktari bado yuko kazini.